Msianze na Spika

Wajukuu zangu wa Taru, na nyinyi wa Samburu, Kinango na Mackinnon Road, nasikia kila aliyemaliza shule sasa anataka kuwa dijei. Sina neno. Kazi ya kuchezesha watu ni kongwe hapa kwetu kuliko lami ya barabara ya Mombasa. Kabla ya stima palikuwa na kayamba na ngoma za sengenya, na aliyejua kuzipiga alialikwa, akalishwa, akapewa chake. Ninalowaambia ni moja: msianze na spika.

Kijana akishika pesa, au akimlilia mjomba mpaka ng'ombe apelekwe mnadani, kitu cha kwanza anachokikimbilia ni spika. Hununua mbili zinazomfika kifuani, amplifaya ya kubebwa na watu wawili, na taa za rangi juu yake. Spika huonekana, ndiyo sababu. Ikikaa barazani kijiji kizima kinajua fulani ana muziki, na kontrola ndogo ya mezani haimpi mtu sifa hiyo. Lakini spika hizo mara nyingi zimenunuliwa kwa deni, na deni lina tarehe. Harusi hapa Taru si za kila Jumamosi. Sherehe za shule zina msimu wake. Kiangazi kikikaza kama kilivyokaza kuanzia 2020 hadi mapema 2023, mvua ikakosa misimu mitano mfululizo na ng'ombe wakalala njiani, nani atakayeita muziki? Kazi isiyokauka mwaka mzima ni msiba. Hapo ndipo spika inapomshika mwenyewe mkono na kumpeleka kwenye disko matanga.

Disko matanga mnaijua, siwafichi wala hamnifichi. Zamani watu walikesha na wafiwa kwa kuwaliwaza na kuchanga cha mazishi. Siku hizi anakuja kijana na jenereta, muziki unapigwa hadi alfajiri, na watoto wa shule wamejaa gizani ambako hakuna mzee anayewatazama. Serikali imeipiga marufuku Kwale na Kilifi zaidi ya mara moja, kwa sababu ya mimba za wanafunzi, na machifu wametumwa kuizima. Wapo wanaosema lawama si ya dijei, ni ya wazazi walioacha watoto watoke usiku. Ni kweli nusu. Nusu nyingine ni yako wewe uliyeshika kitufe cha sauti saa nane za usiku na unawaona. Tena jambo la biashara, kwa asiyesikia la haya: polisi wakitokea, mwenye boma huingia ndani, wachezaji hutokomea vichakani, lakini spika haina miguu. Ndiyo inayopakiwa kwenye gari, na deni lake linabaki nyumbani likikungoja.

Mtu aliyenunua kifaa kidogo cha bei aliyoimudu anaweza kuikataa kazi ya namna hiyo na asilale njaa. Aliyebeba deni kubwa hana ulimi wa kukataa. Kwa hiyo mnapochagua vyombo, jueni mnachagua pia kazi mtakazolazimika kuzifanya.

Spika zikodiwe. Najua mtanirushia methali ya nguo ya kuazima na kile isichokistiri. Ni methali ya watu wenye busara, lakini haikuzungumzia mzigo wa kilo mia. Ukipata kazi Diani au Msambweni, kontrola na laptopu unavitia kwenye begi la mgongoni, unashuka kwa matatu kupitia Kinango na Kwale, na spika unazikuta Ukunda kwa mwenye kuzikodisha. Ukitaka kushuka na zako, utakodi pikapu ya kwenda na kurudi, na malipo ya usiku mzima yataishia kwenye petroli. Hata huyo wanayemwita baba wa hip hop, Clive Campbell, mzaliwa wa Jamaika anayejulikana kama Kool Herc, hakuanza na spika zake. Sherehe inayotajwa kuwa mwanzo wa hip hop, ya tarehe 11 Agosti 1973, katika jumba la 1520 Sedgwick Avenue, Bronx, New York, iliandaliwa na dada yake Cindy ili apate hela za nguo za kurudia shule, na mitambo ya sauti ilikuwa ya baba yao. Cha Herc kilikuwa sahani za santuri na namna yake ya kurudiarudia kipande kile cha ngoma kinachowainua wachezaji.

Basi cha kununua kwanza ni nini? Hedifoni. Nzuri, ya kufunika sikio zima, yenye waya, si hizi za bluetuthi. Sauti ya bluetuthi huchelewa kidogo, na dijei anayesikia wimbo ukiwa umechelewa hawezi kuunganisha pigo na pigo. Kwenye hedifoni ndiko unakoandaa wimbo ujao wakati watu wanacheza uliopo, na dijei asiyeusikia wimbo kabla ya watu anabahatisha tu.

Cha pili ni kontrola ya chaneli mbili. Mbili zinatosha. Chaneli nne ni kama jembe la trekta kwa mwenye shamba la mihogo nyuma ya nyumba. Zipo za Hercules na Numark za bei ya chini, na ipo DDJ-FLX4 ya Pioneer DJ ambayo wengi wameizoea, bei yake hapa Kenya ikikaribia ya ng'ombe wa maana. Sisemi mnunue ipi. Nasema mtazame mambo ambayo muuzaji hatayataja. Je, inapata nguvu kutoka kwa laptopu kupitia waya wa yuesibi? Ikiwa ndivyo, stima ikipotea haizimiki pamoja na taa. Je, ina tundu la maikrofoni? Harusini utaombwa maikrofoni kabla hujaombwa wimbo, na mjomba wa bibi harusi hataki kusikia kwamba mashine yako haina. Je, inatoa sauti kwa matundu gani? Nyingi za bei nafuu zina RCA peke yake, na waya wa RCA ukivutwa mbali huanza kunasa mvumo. Nunua mfupi, na uwe na wa kuunganisha na spika zenye matundu ya XLR, maana ndizo utakazokutana nazo kwenye hoteli za Diani.

Programu zisikusumbue. Mixxx ni ya bure kabisa, Serato DJ Lite ni ya bure, na Virtual DJ unaweza kujifunzia nyumbani bila kulipa. Anza na hizo. Vijana wa singeli wa Dar es Salaam, wale wa studio ya Sisso kule Mburahati, walijijenga kwa kompyuta za kawaida na programu kama Virtual DJ, wakikimbiza muziki hadi mapigo yakapita 200 kwa dakika. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wao, Sounds of Sisso, na singeli ikavuka hadi kwenye majukwaa ya Ulaya. Hakuna aliyewauliza kontrola yao ni ya toleo gani.

Laptopu ndiyo ya kuchunguzwa kwa makini, kwa sababu wengi wenu mtanunua iliyotumika. Watu huuliza ukubwa wa hadi diski wakasahau betri. Betri ikiwa imekufa, stima ikikatika kwa nusu dakika tu muziki umekatika, na kuiwasha upya mpaka programu ifunguke ni dakika ambazo ukumbi mzima unakutazama wewe. Mwambie muuzaji aichomoe, ukae nayo hapo dukani ikipiga muziki saa nzima. Akikasirika, ondoka. Halafu iwe na diski ya SSD na ramu ya giga 8 ukiweza. Usikubali kifaa chochote cha mtumba kisicho na risiti wala jina la aliyekiuza, hata kama bei inakunyenyekea. Kilichoibwa Nyali kinaweza kukukuta Taru, na maelezo utayatoa kituoni.

Vumbi letu ninyi mnalifahamu. Hili jekundu la Taru huingia penye upenyo wowote. Huziba feni ya laptopu, likaingia kwenye vitelezi vya sauti vya kontrola, na kitelezi kilichoingia vumbi huanza kukwaruza kwenye spika kila ukikigusa. Miaka mingi nimekuwa fundi wa redio na amplifaya, na vifaa nilivyoletewa kwa sababu ya vumbi na chumvi ni vingi kuliko vilivyoharibika kwa uzee. Taru adui ni vumbi, Diani adui ni upepo wa bahari unaotia kutu kwenye matundu ya waya. Nunua kifuniko cha kontrola siku ileile unayoinunua, na ukirudi kutoka ufuoni, ifute kwa kitambaa kikavu kabla hujalala.

Sasa niseme kidogo juu ya nguvu, kwa kuwa siku moja mtanunua hizo spika, hata nikipiga kelele vipi. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi msiiamini. Mara nyingi ni nguvu ya kufumba na kufumbua, si ile ambayo spika inaweza kuibeba usiku kucha. Tafuteni iliyoandikwa RMS. Tena wati 1000 hazisikiki mara mbili ya wati 500. Tofauti yake ni desibeli 3 tu, ambayo sikio huitambua kwa shida. Ili muziki usikike mara mbili unahitaji nguvu mara kumi hivi. Kijana asiyejua hilo huzidisha sauti mpaka taa nyekundu ya amplifaya ikawaka na kubaki imewaka. Hapo amplifaya imefika mwisho wake, mawimbi ya sauti yanakatwa vichwa, na cha kwanza kuungua ni twita, kale ka sauti nyembamba. Nimezifungua nyingi, koili imekuwa nyeusi, na mwenyewe anaapa kwamba spika ilikuwa feki. Ngoma ikivuma sana hupasuka, wazee waliliona hilo kabla ya amplifaya.

Jenereta nayo usiiwashe huku vifaa vimechomekwa. Iwashe kwanza, ipe muda itulie, pitisha umeme kwenye stabilaiza, ndipo uchomeke kimoja kimoja, amplifaya ikiwa ya mwisho. Ukizima, amplifaya iwe ya kwanza. Petroli huongezwa injini ikiwa imezimwa na imepoa, si huku mtu anamulika kwa kiberiti.

Na masikio yenu, je? Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2022 kwamba sauti kwenye kumbi za burudani isizidi wastani wa desibeli 100. Wewe dijei unasimama karibu na spika kuliko mchezaji yeyote, na husimama kila wiki. Sikio likishaharibiwa na kelele halirudi, na fundi wake hayupo, si Taru si Mombasa. Vizibo vya masikio ni vya pesa kidogo.

Sheria nayo ipo. Kanuni za kelele za mwaka 2009, chini ya sheria ya mazingira, zinataka kibali kwa kelele inayopita kiwango, na kiwango cha usiku ni cha chini kuliko cha mchana. Muziki wa watu wengine unalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Kabla ya kupokea malipo ya awali, muulize mwenye sherehe vibali viko wapi. Asiyeweza kujibu swali hilo hawezi pia kukulipia spika zikishikwa.

Kuhusu mikopo ya simu nitasema wazi. Mfuko wa Hustler ulipozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, mkopo wake wa mtu binafsi ulianzia shilingi 500, na ulitakiwa kurudishwa kwa siku 14. Unafaa kwa anayenunua nyanya asubuhi akaziuza jioni. Kwa siku 14 dijei mpya hajajua hata vitufe vyote vya kontrola yake.

Pesa kidogo mnayobaki nayo tieni kwenye nyimbo. Mgeni wa Diani anaweza kusikia muziki wa Nairobi na Lagos popote. Harusi ya Msambweni itataka taarabu na chakacha, wazee watataka bango la Mzee Ngala, na Mduruma akisikia kayamba limeingia vizuri katikati ya muziki wa vijana hatakaa kitini. Nyimbo hizo zitafuteni kwa ubora wa kbps 320, si zile zilizonakiliwa simu hadi simu mpaka zikawa na mafua. Zijueni zinapoanza kuimbwa na zinapoisha. Maarifa hayo hayauzwi barabara ya Luthuli kule Nairobi wala Mombasa mjini, na ndiyo yatakayofanya mwenye sherehe aombe namba yako badala ya namba ya mwenye spika.

Msimu wa wageni wa Desemba hausubiri mtu, na najua wapo watakaotaka kuwa na mashine kabla haujafika. Auzwe kuku, auzwe mbuzi dume mmoja akilazimika. Ng'ombe wa mama yako mwache zizini.