Kabla ya Kijiko, Maji

Wanangu mnaochimba mitaro ya Dar es Salaam, sogeeni kivulini tuzungumze. Toka enzi za sururu hadi leo vijiko vinanguruma kila kona, naona jambo lile lile: msimamizi anasema, "Shusha, hapo hakuna kitu," dereva anazamisha meno ya kijiko, na mara maji yanaruka kupita paa, mtaa mzima unarudi kwenye ndoo. Siwagombezi. Kijiko kinakodiwa kwa saa, bosi anapiga simu, na binadamu akikimbizwa hukimbia. Lakini faida ya saa moja mara ngapi imeliwa na hasara ya mwezi?

Ardhi ya mji huu haiko tupu. Kuna mabomba ya zamani ambayo ramani yake imebaki kichwani mwa mzee aliyekwisha kustaafu, kuna nyaya za umeme, kuna mkongo wa mawasiliano, na tangu 2004 gesi ya Songo Songo inapita chini kuja mjini. Bomba la maji likipasuka, tutalipa. Sururu ikigusa waya wa msongo mkubwa, tutaweka matanga.

Kwenye visima vya mafuta vya Canada, ambako baridi huigandisha ardhi, wenzetu walizoea kuchimba kwa maji ya moto yenye presha. Mmoja anashika bomba la mkononi, maji yanalegeza udongo, na mpira mnene wa gari la tangi, la aina ile inayonyonya vyoo vyetu, unavuta tope. Kilichofukiwa kinabaki wazi na kizima, kama muhogo uliooshwa mchanga badala ya kuparwa kwa panga.

Ila maji hayo si ya kuchezea. Tairi la gari dogo lina baa 2 na ushei. Mashine hizi zinapita baa 100. Mkondo ukikaa mahali pamoja unakata ganda la waya, na ukipiga mkono unapenya ngozi: nje utaona tundu dogo la kudharau, ndani nyama imeharibika. Kimbilieni hospitali hata kama hakuumi. Mkikaribia bomba, punguzeni presha na ncha isitulie.

Na tope mtalipeleka wapi? Wachimba dhahabu wa California walianza kuosha vilima kwa maji mwaka 1853, wakafukia mito na mashamba ya watu wa bondeni, hata mahakama ikawazuia mwaka 1884. Nanyi mkilimwaga tope lenu kwenye mfereji wa mvua, mnawaongezea wenzenu wa Jangwani hapa mjini mafuriko.

Marekani, tangu 2007, mchimbaji hupiga 811 na wenye mabomba wanakuja kuweka alama za rangi. Ninyi nendeni ofisi ya maji, ya umeme na ya gesi, hata kama ni kushinda kwenye benchi. Kisha fungueni shimo dogo kwa maji. Mwenye kijiko asiwashe injini mpaka bomba limeonekana kwa macho.