Jembe la Mgeni wa Bahari

Katika mwaka wa 1968 sehemu mbili za bahari ya Kenya, Malindi na Watamu, zilifanywa hifadhi, na uvuvi ndani yake ukakatazwa kabisa. Tangu hapo mgeni hulipa ada, hupanda mashua, akatazama chini ya maji matumbawe na samaki wa kila rangi. Mvuvi huzungukia mbali na dema lake. Yafaa kuuliza: ni haki gani hii impayo mpitaji furaha ya macho, na kumnyima mwenyeji riziki ya mkono?

Aghalabu hujibiwa kuwa katazo humfaa mvuvi mwenyewe. Jibu hili lina kweli. Tumbawe si jiwe tupu. Ni nyumba iliyojengwa na wanyama wadogo mno kwa miaka mingi, na nanga moja huweza kuivunja mara moja. Mikoko ya Mida, karibu na Watamu, huwaficha samaki wachanga katika mizizi yake. Samaki akisha kukua hajui mpaka. Hutoka hifadhini akaingia demani. Ajinyimaye leo huweka akiba ya kesho.

Walakini kujinyima huwa haki pale kunaposhirikiwa. Mwaka wa 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi ya pwani hiyo yakageuka meupe, yakafa. Joto halikulipa ada, wala mlinzi hakuweza kulikamata. Na bahari huzidi kupata joto kwa sababu ya moshi wa makaa na mafuta yachomwayo duniani. Katika moshi huo fungu la mwenye ngalawa ni dogo sana. La asafiriye kwa ndege ni kubwa zaidi. Basi aliyebeba katazo zito ndiye mwenye hatia nyepesi.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ada si jembe. Ni bei ya kuingia tu. Jembe la mgeni wa bahari ni katazo lake mwenyewe: asikanyage tumbawe, asiokote kombe, na arudipo kwao apunguze moshi wake mahali ambapo hakuna mlinzi wa kumwona. Mvuvi alipewa katazo lake bila ya kuliomba. Mgeni alipokeaye lake kwa hiari huwa mwenziwe katika kazi. Alikataaye hubaki mnunuzi, na mwamba hauuzwi.