Shamba la Nabothi Lina Theluji

Somo: 1 Wafalme 21:1–19

Wapendwa, mfalme Ahabu hakuanza kwa kuiba. Alianza kwa kutaja bei nzuri.

Someni tena sura hiyo, someni taratibu. Mfalme anamwendea Nabothi kiungwana, anamwomba shamba la mizabibu lililopakana na jumba lake, anamwahidi shamba jingine lililo bora zaidi, au fedha kama atapenda fedha. Hakuna upanga hapo. Hakuna askari. Leo tungemwita mwekezaji mwenye masharti nafuu, na tungempokea kwa ngoma. Nabothi akakataa. Wala hakulalamika kwamba bei ni ndogo. Alisema urithi wa baba zake hautoki mikononi mwake.

Watu wa Machame na Kibosho, wa Uru, Kilema, Marangu, Mwika na Rombo, ninyi hamhitaji mhubiri wa kuwafafanulia maneno ya Nabothi. Mmezaliwa kihambani, kwenye shamba la ukoo. Mnajua kwamba mpaka wa kihamba ni mimea ya masale, kwamba ndani yake wamelala waliotutangulia, na kwamba aliyekirithi amekabidhiwa tu, ili naye akabidhi. Basi leo inueni macho juu ya migomba na mibuni, juu ya msitu, juu ya mawe, mpaka kwenye theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Mniambie: na mlima ule je, ni urithi wa nani?

Nauliza kwa sababu Ahabu wa kila zama ameutamani mlima huu. Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni, wakakipa jina la mfalme wao, Kaiser Wilhelm. Mizigo ilibebwa na watu weusi, jina likabaki la mtu wa Berlin. Ilitubidi kungoja mpaka Desemba 1961, Alexander Nyirenda aliposimika bendera yetu na mwenge kule juu, ndipo kilele kikaitwa Uhuru. Hifadhi ya Taifa ikatangazwa mwaka 1973. Mwaka 1987 dunia ikauandika mlima kuwa urithi wa wote.

Kisha, mwaka 2019, aliyekuwa Naibu Waziri wa Maliasili na Utalii, Constantine Kanyasu, akaeleza kwamba serikali ilikuwa katika mazungumzo na kampuni za nje kuhusu magari ya kupanda mlimani kwa nyaya. Tangu siku hiyo mjadala huu huzama na kuibuka. Umeingia sebuleni, kwenye daladala, kwenye vilabu vya mbege, hata kwenye uwanja wa kanisa ibada inapotoka. Wanaounga mkono wanasema: mzee na mlemavu nao wana haki ya kuuona mlima; mgeni asiye na siku 6 za kupanda atakuja kwa siku 1 na ataacha fedha; huko Cape Town Mlima Table una gari la nyaya tangu 1929 na haujabomoka. Wanaopinga wanasema: wagumu, yaani wabeba mizigo wa mlimani, watakosa kazi, msitu utakatwa, heshima ya mlima itakwisha.

Nimezisikia pande zote mbili, nami nasema mbele za Mungu: kila upande umemshika maskini mkono na kumsimamisha mbele ili maneno yake yapendeze. Tuwaulize wote wawili.

Ninyi mnaomtaja mlemavu. Spencer West wa Canada hana miguu, na mwaka 2012 alifika Uhuru, sehemu kubwa ya njia akitembea kwa mikono. Simtaji ili niseme kila mwenye ulemavu atambae. Huo ungekuwa ukatili. Namtaja ili niwaulize: kama huruma yenu ni ya kweli, mbona haikuanzia langoni? Upande wa Londorossi ipo njia ya gari inayofika hadi karibu na uwanda wa Shira, zaidi ya mita 3,000 juu ya bahari. Itengenezeni. Wekeni gari la kumbeba bibi yangu na kiti chake cha magurudumu, auone uwanda, auone Kibo kwa karibu, arudi nyumbani kabla ya giza. Sawazisheni njia fupi za msituni. Wekeni vyoo anavyoweza kuvitumia mtu asiyeweza kuchuchumaa. Hayo hayangoji mkataba wa mamilioni ya dola. Mwenye huruma huanza na kilicho mkononi.

Na ule mfano wa Cape Town, pimeni vizuri. Mlima Table una mita 1,086. Wetu una mita 5,895. Horombo peke yake, mahali ambapo mpandaji wa njia ya Marangu hulala usiku wa pili, pako mita 3,720, zaidi ya mara tatu ya mlima ule wote. Hewa ya milima mirefu haina upendeleo. Mwili unahitaji siku za kuizoea, na ndiyo maana waongozaji wetu humzuia mgeni mwenye haraka. Ukimnyanyua mzee wa miaka 70 kutoka kwenye joto la Moshi ukamshusha kwenye hewa nyembamba ndani ya dakika chache, hujamhurumia.

Hata hesabu ya fedha tuifanye kwa uaminifu. Mgeni kutoka nje hulipa ada ya hifadhi kwa siku, dola 70 kila siku, na juu yake malazi na uokoaji. Siku zake zikiwa 6, hifadhi imevuna mara 6. Mgumu, mpishi na mwongozaji nao wamelipwa siku 6. Muuza ndizi, muuza viatu vya mtumba na mwenye nyumba ya wageni wamepata sehemu yao. Mgeni wa siku 1 atawaachia nini hao? Mlima huu unalipa kwa sababu unachukua muda. Anayetaka kuufupisha atuonyeshe kwanza, kwa karatasi, nani atalipwa kilichopungua.

Sasa nawageukia ninyi mnaomtaja mgumu. Ninyi wenye kampuni mliopiga kelele mwaka ule kwamba wagumu watakufa njaa: mgumu wenu alikula nini jana? Kanuni inasema mzigo wa kilo 20, na mizani ipo langoni. Nani anayeongeza mzigo baada ya mizani? Nani anayemlipa kijana chini ya kiwango mlichokubaliana, kisha anamwambia atasaidiwa na bakshishi ya mgeni? Nani anayempeleka mtoto wa mwenzake kwenye baridi ya kambi ya Barafu akiwa na koti la kuazima na viatu vilivyopasuka? Huwezi kumtetea mgumu mbele ya waandishi wa habari ukamnyonya nyuma ya geti. Kama wagumu wenu wangelala pakavu, wakala mara tatu na kulipwa kwa wakati, nyaya zisingepata hata mtetezi mmoja vijijini. Udhalimu wenu ndio unaowafanya vijana waseme: na zije nyaya, tumechoka.

Wapendwa, kuna maskini wa tatu ambaye hakutajwa na upande wowote. Huyo ni mama wa ukanda wa nusu maili.

Mwaka 1941 ukanda huo wa msitu ulitengwa chini ya hifadhi ya misitu ili wenyeji wapate kuni, majani ya ng'ombe na mbao za kujengea. Vizazi vya akina mama vilipanda humo asubuhi na kushuka na mzigo kichwani. Mwaka 2005 mipaka ya hifadhi ya taifa ilipopanuliwa, msitu ule ukaingizwa ndani yake. Tangu hapo mama anayefuata majani ya mbuzi wake amekuwa mvamizi. Sisemi msitu uachwe wazi kwa msumeno; nitalisema hilo pia, ngojeni. Lakini tazameni mizani ilivyopinda: kwa mgeni tunajadili jinsi ya kumfikisha juu bila kutoka jasho, na kwa mama aliyezaliwa chini ya mlima tunajadili faini. Hifadhi inayomjua mwenye pasipoti na haimjui jirani yake imepotoka, hata kama hesabu zake za fedha ni safi.

Na sisi wenyewe tusijifiche nyuma ya huyo mama. Kamera za dunia zinalilia theluji, na ni kweli: tangu mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro imepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Lakini maji tunayokunywa kwa sehemu kubwa kabisa huletwa na msitu. Msitu ndio unaokamata mawingu na kupokea mvua, ndio unaojaza mifongo, ile mifereji ya wazee wetu, ndio unaolisha mto Pangani, bwawa la Nyumba ya Mungu na mitambo ya umeme ya Hale. Basi nani anayekata miti ya camphor usiku? Nani anayechoma mkaa bondeni, na nani anayeununua akijua ulikotoka? Nani anayewasha moto kurina asali kisha akaondoka? Oktoba 2020 mlima uliwaka siku kadhaa, na mamia ya watu, wanakijiji, wanafunzi, askari wa hifadhi na wagumu, wakapanda kuuzima kwa matawi na majembe. Siku hiyo hakuna aliyeuliza mlima ni wa nani. Ndiyo imani ninayoihubiri. Kwa nini ituchukue moto kuwa nayo?

Turudi kwa Nabothi, maana hatujafika kwenye dhambi kubwa ya sura ile.

Ahabu alinuna, akajilaza, akageuza uso wake, akakataa chakula. Aliyefanya kazi ni Yezebeli mkewe. Na alifanyaje? Aliandika barua kwa jina la mfalme, akapiga muhuri wa mfalme, akaitisha mkutano. Ndiyo, mkutano! Ukatangazwa mfungo wa watu wote, Nabothi akapewa kiti cha mbele kwa heshima, mashahidi wawili waliopangwa wakasimama kusema. Kila kitu kilifuata utaratibu. Ukiisoma taarifa ya kikao kile utaona wananchi walishirikishwa. Nabothi akatolewa nje ya mji akapigwa mawe, na shamba likapata mwenyewe mpya.

Lakini nitazameni vizuri niwaonyeshe jambo. Barua ya Yezebeli ingekuwa karatasi tupu kama wazee wa mji wangekataa. Waliipokea, wakaisoma, wakajua ni uongo, wakatii. Mfalme alitamani, malkia akapanga, wazee wakapitisha, na watu wakaokota mawe. Ndugu yangu, katika habari ile wewe ni nani?

Nawaogopa zaidi wazee wa mji kuliko Ahabu. Namwogopa mwenyekiti wa kijiji anayesaini mahudhurio ya mkutano ambao haukufanyika. Namwogopa diwani anayepokea posho ya kikao na kuinua mkono kabla hajasoma. Namwogopa mtaalamu anayeandika tathmini ya mazingira akiwa ameambiwa jibu mapema. Namwogopa mchungaji anayeombea uzinduzi wa mradi asioujua kwa sababu ameahidiwa bati za kanisa. Namwogopa na shehe atakayefanya vivyo hivyo, maana yeye naye anafundisha msikitini kwamba amana itaulizwa.

Hatuko mikono mitupu. Katiba yetu, ibara ya 27, inamwamuru kila mtu kulinda maliasili za nchi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mradi mkubwa ufanyiwe tathmini na watu wasikilizwe. Na wasemao kwamba kelele za wananchi hazizuii kitu, wakumbuke barabara ya Serengeti. Ilipangwa kukatiza kaskazini mwa hifadhi, kwenye njia ya nyumbu. Watu wakaenda mahakamani. Na Juni 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki ikazuia lami isipite humo. Hakuna aliyerusha jiwe. Walipeleka hoja, wakasimama nazo miaka, wakasikilizwa.

Msimamo wangu mimi ni huu, na siufichi: nyaya zisifungwe Kilimanjaro. Mungu aliposhuka Sinai aliamuru mlima uwekewe mipaka, na watu waliobaki chini hawakuwa wamedharauliwa. Musa mwenyewe aliiona nchi ya ahadi akiwa juu ya Nebo, asiingie, na hakupungukiwa na kitu mbele za Bwana. Si kila kizuri lazima kifikiwe na kila mguu. Lakini hata wewe usiyekubaliana nami, kama unamcha Mungu, huwezi kukwepa haya.

Ninyi mlio madarakani: tathmini yoyote ya mradi wowote mlimani itolewe kwa Kiswahili, ibandikwe kwenye ofisi za vijiji, ijadiliwe kabla ya mkataba na si baada yake. Njia halali ya mama wa nusu maili irudishwe, kwa siku zilizopangwa na kwa usimamizi, kuni zilizoanguka na majani, bila shoka wala msumeno.

Ninyi wenye kampuni: lipeni kiwango mlichokubaliana kabla mgumu hajavua viatu. Pimeni mizigo kwa haki, langoni na baada ya langoni.

Ninyi wa KINAPA, wasimamizi wa hifadhi: mjueni jirani yenu kwa jina lake, kama mnavyomjua mgeni kwa namba ya pasipoti.

Na ninyi wapendwa mnaonisoma mkiwa migombani, Dar es Salaam, Arusha au ughaibuni mkingoja kurudi kihambani Krismasi: barua itakapokuja kwa muhuri mkubwa, mkutano utakapoitishwa, nendeni. Kaeni mbele. Ombeni karatasi, msome mpaka mwisho. Ulizeni nani analipa, nani analipwa, na nani hakuitwa. Msisaini msichokisoma, msiinue mkono kwa sababu jirani ameinua. Nabii Eliya alimkuta Ahabu shambani mwa Nabothi baada ya mwenye shamba kuuawa. Sisi tumepewa nafasi ya kusema kabla. Semeni sasa.