Sanduku la Mabinti: Deni Lililo Shingoni Mwetu

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha mwanadamu kwa kalamu, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, na Ali zake na Masahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu,

Tangu darsa letu lilipoweka sanduku dogo la kuwasaidia mabinti wa mafakiri katika masomo yao ya sekondari, tumeletewa maswali mengi, mengine kwa upole na mengine kwa ukali. Wako waulizao: Je, hii ni kazi ya watu wa dini? Na wako wasemao kwamba mtoto wa kike akishahitimu msahafu na akajua tohara na sala yake, basi yamtosha. Twaona yatupasa kujibu kwa uwazi, kwani kunyamaza katika jambo kama hili ni kuwaacha watu katika shaka.

Kabla ya kumjibu mtu, mimi mwenyewe nina la kukiri. Miaka kadhaa iliyopita alinijia mzee mmoja mvuvi baada ya sala ya Isha. Binti yake alikuwa amefaulu mtihani na kupata nafasi ya sekondari, na ndugu yake wa kiume naye alikuwa skuli, na pesa zilikuwa za mmoja tu. Akaniuliza, “Sheikh, nifanye nini?” Nami nikamwambia, “Mtoto wa kike stara yake ni nyumbani. Msomeshe huyo wa kiume.” Akanishukuru, akanibusu mkono, akaenda zake. Sikufungua kitabu wala sikumuuliza habari za binti yule. Nilisema niliyoyazoea kuyasikia, naye akayachukua kuwa ni hukumu ya dini.

Yule mzee akafa, Mungu amrehemu. Siku moja yule binti akanijia pamoja na mama yake, mkononi ana karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Jamaa yao mmoja alikuwa amemletea karatasi ile atie sahihi, akamwambia kwamba ni ya kodi ya kiwanja. Akatia sahihi. Kumbe ni karatasi ya kuachilia fungu lake katika nyumba ya baba yake. Nilipomfahamisha maana yake hakulia wala hakunilaumu. Alisema tu, “Ningalisoma, sheikh, ningaliuliza.”

Ndugu zangu, fungu lile alilokatiwa mtoto wa kike katika Suratun-Nisaa hakukatiwa na kadhi wala na serikali, bali amekatiwa na Mola wake. Nami kwa neno langu moja la haraka nilikuwa nimesaidia kumfanya asiweze kulilinda. Tangu siku ile sikuweza tena kusema kwamba jambo hili si la watu wa dini.

Sasa tuitazame sheria. Yasemwa sana kwamba Mtume (S.A.W.) amesema kutafuta elimu ni faradhi juu ya kila Mwislamu mwanamume na Mwislamu mwanamke. Hadithi hii imepokewa na Ibnu Majah kwa tamko la “kila Mwislamu,” na hilo neno la “mwanamke” watu wameliongeza. Twalisema hili kwa sababu hatutaki kuitetea haki kwa tamko lisilothibiti. Walakini maana yake ni sahihi, kwani neno “Mwislamu” hapa lawaingiza wanaume na wanawake, kama yaingiavyo maamrisho ya sala na saumu na zaka. Hakuna mwanachuoni aliyesema kwamba mwanamke ameruhusiwa kuwa mjinga.

Na yaliyothibiti yatutosha. Katika Sahihi Bukhari imepokewa kwamba wanawake walimwendea Mtume (S.A.W.) wakamlalamikia kwamba wanaume wamewashinda kumpata, nao wakamwomba awawekee siku yao. Hakuwarudisha majumbani mwao, bali aliwapa siku, akaenda kuwafundisha. Na katika Sunan ya Abu Dawud imepokewa habari ya Bibi Shifaa binti Abdillahi, aliyemfundisha Bibi Hafsa (R.A.), mkewe Mtume, kuandika. Kalamu iliingia nyumbani mwa Mtume mkononi mwa mwanamke, ikafundishwa kwa mwanamke, na Mtume akaridhika. Sasa sisi tuna wivu wa dini kuliko Mtume?

Huenda mtu akasema: Hiyo ni elimu ya dini, na skuli hufundishwa hesabu na sayansi. Jawabu yake ameitoa Imamu Ghazali zaidi ya miaka 900 iliyopita. Katika Ihyaa, mlango wa elimu, ameihesabu elimu ya utabibu na elimu ya hesabu kuwa ni faradhi za kutoshelezana: mji ukikosa watu wa kuzisimamia, wote wamo katika dhambi. Naye alilalamika kwamba miji mingi ya zama zake haina tabibu Mwislamu, ilhali watu wanasongamana katika elimu ya mabishano kwa kutaka vyeo. Basi na tujitazame. Mke wa mtu akishikwa na uchungu, twataka apokewe na mwanamke. Binti akiugua, twataka atazamwe na mwanamke. Twawataka wauguzi wa kike na madaktari wa kike na waalimu wa kike, kisha twawazuia mabinti zetu njia ya pekee ifikishayo huko. Watoke wapi? Twangojea wengine wawasomeshe mabinti zao ili waje wawasitiri wake zetu?

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni geni katika Uislamu wa Afrika. Huko Sokoto, katika nchi iitwayo leo Nigeria, Shehu Uthman dan Fodio aliwakemea vikali wanavyuoni waliowaacha wake zao na mabinti zao katika ujinga huku wakiwafundisha wanafunzi wa kiume usiku na mchana. Na binti yake, Nana Asma’u, aliyezaliwa mwaka 1793 na kufa mwaka 1864, alikuwa mwanachuoni aliyeandika kwa Kiarabu, Kifulani na Kihausa. Yeye aliwafunza wanawake wakawa viongozi, kila mmoja akiongoza kundi la wanawake wa vijijini kuja kujifunza na kurudi kufundisha wenzao. Makundi yale yakiitwa ’Yan Taru. Hayakuwa na jumba kubwa wala hazina. Yalikuwa na bibi mwenye elimu na wenziwe waliojitolea. Na hapa kwetu pwani, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanza kutoa gazeti lake la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, aliwahimiza Waislamu juu ya elimu ya wake kama alivyowahimiza juu ya elimu ya waume. Yeye alifariki mwaka 1947. Ni aibu kwetu kwamba twalijibu leo swali alilolijibu yeye kabla ya wengi wetu kuzaliwa.

Sasa nitaje kisa kingine, na asikasirike mtu kwa kuwa mwenye kisa si katika sisi. Mtume (S.A.W.) alihudhuria mapatano ya Fudhul kabla ya kupewa Utume, mapatano ya makafiri wa Makka ya kumsaidia aliyedhulumiwa, na baadaye akasema kwamba lau angaliitwa kwa jambo kama lile katika Uislamu, angaliitika. Heri hutambuliwa popote ilipo.

Mwaka 1991 bibi mmoja kutoka Uingereza, Ann Cotton, alikwenda mahali paitwapo Mola, kaskazini ya Zimbabwe. Watu wa huko ni Watonga, waliohamishwa bonde la Zambezi katika miaka ya 1950 lilipojengwa boma la maji la Kariba. Bibi huyu alikwenda kutazama kwa nini watoto wa kike ni wachache katika skuli, naye alikuwa amekwisha kuambiwa kwamba sababu ni mila: wazee hawataki. Alipokaa nao na kuwauliza, akakuta wazee wanataka sana. Kilichowashinda ni pesa. Nyumba yenye ada ya mtoto mmoja humchagua wa kiume, kwa kuwa yeye ndiye atarajiwaye kupata kazi ya mshahara. Akarejea kwao Cambridge, akaoka keki akaziuza sokoni, akakusanya kidogo kidogo, na mwaka 1993 wakasaidiwa mabinti 32. Kazi hiyo ndiyo iitwayo leo CAMFED, nayo imefika Zambia, Ghana, Malawi na jirani zetu wa Tanzania. Na lililonigusa zaidi ni kwamba wale mabinti walipohitimu wakafanya umoja wao, tangu mwaka 1998, nao huwasaidia kwa mifuko yao wadogo wanaowafuata.

Nilipokisoma kisa hiki nilimkumbuka yule mvuvi. Naye hakuwa mtu wa mila ngumu. Hakunijia kwa kuwa anachukia elimu ya bintiye, kwani lau angaliichukia asingaliuliza. Alinijia kwa kuwa mkono wake ni mfupi, nami badala ya kumtafutia pesa nikampa sababu ya kidini ya kukosa pesa.

Wako wasemao: Skuli sasa ni bure. Kweli, tangu mwaka 2008 serikali ya Kenya imebeba gharama ya masomo katika sekondari za kutwa, na mwaka 2018 ruzuku yake ilikuwa shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Lakini ruzuku haimvishi mtoto sare, haimlipii nauli ya matatu asubuhi na jioni, wala haimpi chakula cha mchana. Na akiitwa skuli ya bweni, mzazi ana ada ya kulipa. Mtoto hatolewi skuli kwa amri. Leo hukosa nauli, kesho hurudishwa kwa deni, wiki ijayo huona haya kwa sare iliyochanika, hata siku moja huacha kabisa, na sisi husema, “Mtoto yule hakutaka kusoma.”

Sanduku letu ni kwa ajili ya hayo. Nalo twaliendesha kwa sharti ambazo twataka kila msomaji azijue, ili atuulize tukizivunja.

Kwanza, hapana mwenye kulipwa. Wenye kukusanya, wenye kuandika na wenye kwenda skuli kulipa hujitolea, na hesabu husomwa mbele ya watu kila mwezi, ya kuingia na ya kutoka. Amana isiyosomwa huanza kuoza.

Pili, mabinti hawatangazwi. Mwenyezi Mungu ametukataza katika Suratul-Baqara kuibatilisha sadaka kwa masimbulizi na maudhi. Kumpiga binti picha huku akipokea sare, kisha picha ile ikapelekwa katika simu za watu, ni maudhi hata kama mpigaji ana nia njema. Binti huyu ataolewa katika mji huu, naye atakaa na watu hawa hawa. Jina lake hulijua watu wawili tu.

Tatu, zaka na sadaka hazichanganywi. Zaka ina watu wake wanane katika Suratut-Tawba. Binti aliye fakiri au maskini, na asiye na wa kumtosheleza, yumo katika fungu la mafakiri na masikini, naye hupewa kwa ufakiri wake. Asiyefikia hadi hiyo husaidiwa kwa sadaka, na mlango wa sadaka ni mpana.

Nne, stara. Wazee wanaokhofia mwendo wa njiani na mabweni yasiyo na uangalizi hawakukosea, nasi hatuwacheki. Lakini dawa ya khofu ni kuiondoa sababu yake. Ikiwa njia ni mbaya, na tulipe gari liwachukue pamoja. Ikiwa bweni halina mwangalizi, na twende tukaonane na mwalimu mkuu. Kumfungia binti mlango wa elimu kwa kuwa sisi wanaume tumeshindwa kuilinda njia, huko ni kumtoza yeye faini ya kosa letu.

Labda mtu atasema: Mabinti wanne tu mnaowasaidia, ni kitu gani katika pwani nzima? Ndio, ni wanne. Na Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba amali apendayo zaidi Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, ingawa ni chache. Kadhalika, imepokewa na Muslim kutoka kwa Anas (R.A.) kwamba mwenye kuwalea mabinti wawili hata wakabaleghe, atakuja siku ya Kiyama yeye na Mtume pamoja, na Mtume akavikutanisha vidole vyake kuonyesha ukaribu huo. Mabinti wawili tu! Malipo haya hayakuwekewa sharti ya utajiri.

Basi, ewe ndugu yangu, ukirudi nyumbani kwako leo, mtazame binti yako. Kisha mtazame binti wa jirani yako. Ukijua kwamba yuko nyumbani siku ya skuli, muulize baba yake kwa upole sababu yake nini. Na akikujia yeye kukuuliza afanye nini, usimjibu haraka kama nilivyojibu mimi. Uliza kwanza ni kiasi gani kimepungua.

Ewe Mola wetu, tusamehe maneno tuliyoyasema bila ya elimu, na uwalipe kheri waliodhurika kwayo. Wape mabinti zetu elimu yenye manufaa, na stara, na afya, na waume wema. Itakase mikono ya wenye kushika amana hii, na uwarehemu wazee wetu waliotutangulia. Amin.

Wabillahit-tawfiq. Wassalamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.