Lijue Deni Lako Litakwisha Lini

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuhalalishia biashara na akatuharimishia riba. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu, wengi wetu wa Pwani hatuijui Sondu. Ni mji wa soko katika njia itokayo Kisumu kwenda Kisii, kando ya mto wenye jina hilo hilo, pahali wanapokutana Wajaluo, Wakipsigis na Wakisii kuuziana mifugo, nafaka na matunda. Safari ilitufikisha huko, tukakuta maziko ya ndugu yetu mmoja Mwislamu aliyekuwa na duka la nguo. Kabla ya swala mwanawe mkubwa alisimama, kama ilivyo ada yetu, akasema: “Ambaye baba yetu alikuwa na deni lake, na aje kwetu, deni lile sasa ni letu.” Neno zuri, na Mungu amlipe kheri. Lakini kijana yule hakujua ameahidi nini.

Baada ya siku ya tatu alikuja mkopeshaji na karatasi yenye sahihi ya marehemu. Miaka miwili nyuma marehemu alichukua shilingi 120,000 za kununulia bidhaa, kwa faida ya asilimia 3 kila mwezi juu ya baki, akawa alipa shilingi 4,000 kwa mwezi bila ya kukosa hata mara moja. Faida hiyo karatasi ndiyo yaiita hivyo. Sisi twaiita kwa jina lake, nalo ni riba. Mjane alisema: “Mume wangu amelipa miezi 24, nazo ni shilingi 96,000. Zimebaki 24,000, na yeye mwenyewe aliniambia kuwa mwakani tutakuwa huru.” Mkopeshaji akasema: “Zimebaki 106,229.” Vijana wakapandwa na ghadhabu, wakamwita mwizi, na mikono ikakaribia kuinuka.

Alikuwapo pamoja nasi kijana wa darsa letu, mwenye kompyuta yake. Akaomba wanyamaze, akafungua lahajedwali, yaani lile jedwali la hesabu la kompyuta ambalo makarani hulitumia maofisini. Akapanga safu: tarehe, deni la mwanzo wa mwezi, faida, malipo, na baki. Mwezi wa kwanza faida ni shilingi 3,600. Katika zile 4,000 alizolipa marehemu, zilizopunguza deni ni 400 tu. Akaivuta fomula kwenda chini, mstari baada ya mstari, hata mwezi wa 24. Palitokea 106,229, sawasawa na alivyosema mkopeshaji. Akaendelea kuivuta mpaka baki ikafika sifuri: mstari wa 78. Miezi 78 ni miaka sita na nusu, na malipo yote ni zaidi ya shilingi 311,000 kwa mkopo wa 120,000. Mjane aliziba uso kwa mtandio wake akalia. Hakulia kwa ajili ya fedha, alisema: “Maskini, alikufa akidhani amekaribia.”

Litazameni jambo hili, ndugu zangu. Mjane alisema kweli kwa hesabu ya sharia, kwani haki ya mkopeshaji ni mali aliyoitoa, nayo ilibaki 24,000. Mkopeshaji naye alisema kweli kwa hesabu ya karatasi. Kati ya hesabu mbili hizo palikuwa na shilingi zaidi ya 82,000, nayo ndiyo riba, imekaa ndani ya nyumba ya mayatima. Na mlango ilioingilia ni sahihi ya mtu mwema ambaye hakuuliza: deni hili litakwisha lini?

Na hili ndilo swali ambalo Mwenyezi Mungu ametufundisha tulitangulize. Katika Sura ya Baqara, aya ya 282, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ametuamrisha tukikopeshana kwa muda uliotajwa tuandike, deni liwe dogo au kubwa, wala tusichoke kuliandika pamoja na muda wake. Basi deni katika dini yetu lina mwanzo wake, kiasi chake na mwisho wake. Asemaye “nitalipa Inshallah” hali hajui kiasi wala siku, huyo ameichukua Inshallah akaifanya pazia la uvivu wake.

Jambo la pili ni mauti. Katika Sura ya Nisaa urithi haugawanywi ila baada ya kutimiza wasia na kulipa deni. Na Mtume, S.A.W., aliletewa jeneza la mtu mwenye deni asiyeacha cha kulilipia, akajizuia kumswalia, mpaka Abu Qatada alipolichukua deni lile juu yake. Na imepokewa kutoka kwake kuwa shahidi husamehewa kila kitu isipokuwa deni. Ikiwa hiyo ndiyo hali ya shahidi, itakuwaje ya anayekopa kwa ajili ya ngoma za harusi na mapambo ya siku tatu?

Huenda mtu akapinga akasema: “Sheikh, Mtume amemlaani mla riba, na mwenye kuilisha, na mwandishi wake, na mashahidi wake wawili. Kijana wenu aliyeiandika riba katika jedwali, je, si mwandishi wake?” Swali hili ni zito, wala silidharau. Nionavyo mimi, mwandishi aliyelaaniwa ni yule aifungaye riba, kwa kalamu yake mkataba ukasimama. Ama aihesabuye ili mtu aijue na aikimbie, au aliyekwisha kunasa apate kutoka, huyo ni mfano wa tabibu aijuaye sumu apate kumtibu aliyeinywa. Asiyeijua sumu huidhani asali. Lakini atakayejifunza hesabu hii ili apange riba kwa wenziwe, basi na ajue kuwa hadithi yamhusu.

Wala msione haya kuishika elimu hii mkidhani ni ya wageni. Al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu cha al-jabr huko Baghdad katika karne ya tisa ya miladi, alitenga sehemu kubwa ya kitabu chake kwa masuala ya wasia na mirathi. Wazee wetu walisomeshwa faraidhi kwa mafungu na sehemu zake. Basi ni aibu gani kijana wetu kuiuliza mashine iliyo mkononi mwake?

Njia yake ni nyepesi. Ambaye deni lake ni safi, halina nyongeza, agawanye baki kwa malipo ya mwezi: shilingi 45,000 kwa 3,000 ni miezi 15, na aiandike tarehe. Aliyenaswa na riba aandike katika Excel fomula hii: =NPER(0.03,-4000,120000), yaani kiwango cha mwezi, malipo, na deni. Itampa 77.9, nayo ni malipo 78. Kisha fomula ya EDATE humgeuzia miezi kuwa tarehe. Malipo ya kwanza yakiwa ni Januari 2025, la mwisho ni Juni 2031.

Kisha abadilishe malipo aone. Akilipa 6,000 badala ya 4,000, atatoka kwa miezi 31, yaani Julai 2027, na atakuwa ameokoa zaidi ya shilingi 125,000. Akilipa 3,600 kamili, fomula humjibu kwa kosa, maana siku hiyo haipo: atalipa mpaka kiyama na deni litabaki pale pale. Hata serikali imeogopa jambo hili. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki ya Kenya, kilichoanza kutumika mwaka 2007, chaizuia benki kudai faida inayozidi asili iliyobaki pale mkopo ulipokwama. Lakini Qur'ani ilitangulia kuionya riba inayozidishwa maradufu, tena ikaiharimisha yote, nyingi na chache.

Basi nausia mambo manne. Kwanza, usitie sahihi mpaka umeiona tarehe ya mwisho; na ukiona ndani yake riba, iache karatasi. Pili, aliyekwisha ingia na atubu, apunguze matumizi, aongeze malipo, auze kisichokuwa na dharura, atoke upesi. Tatu, nakala ya jedwali na iwe kwa mke na kwa mtoto mkubwa, kwani deni lililofichwa hufichuka juu ya jeneza. Nne, enyi wenye mali, mpeni muhula mwenye dhiki kama alivyoamrisha Mola katika aya ya 280 ya Baqara, na kopesheni mkopo mwema. Kila mkopo mwema tunaounyima huwapeleka ndugu zetu kwa mla riba.

Ama wale wa Sondu, waliuza sehemu ya bidhaa za duka, wazee wakamwendea mkopeshaji wakiwa na jedwali lile mkononi, akawapunguzia kidogo, wakalifunga deni mara moja. Duka limebaki nusu. Mwanawe marehemu ameweka daftari jipya, na katika ukurasa wa kwanza ameandika kila anayewadai, na siku atakayomlipa.

Mwenyezi Mungu atulipie madeni yetu, awasamehe maiti wetu, na atutosheleze kwa halali yake tusiihitajie haramu. Amin. Wallahu aalam.