Dalili za Uzazi na Amana ya Mke

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, katika darasa yetu imeletwa kesi ambayo kwa kusitiri hatutataja mtu wala mtaa. Mume na mkewe, wote wawili watu wa dini, walipatana kupumzisha uzazi baada ya mtoto wa tatu, pasi na dawa, kwa kuhesabu siku na kujitenga siku za kushika mimba. Mtoto hajatimia miezi minane, na mama hajaona damu tangu nifasi ilipomwisha, kumbe ana mimba. Mume akasema: "Umenidanganya katika hesabu." Neno likazaa neno, hata likatajwa neno la talaka. Mke akauliza kwa machozi: "Nimedanganya vipi, nami sina hedhi ya kuihesabu?"

Swali la bibi huyu ni la haki, na leo tutalijibu. Wako watakaosema kuwa mambo haya si ya kuandikwa. Tunawakumbusha kuwa Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Haya ni sehemu ya imani, lakini ujinga si haya. Nyumba ngapi zimevunjika kwa jambo ambalo lingeelezwa kwa maneno kumi!

Kwanza tuitazame hukumu. Sahaba Jabir (r.a.) amepokea kuwa masahaba walikuwa wakifanya azl zama za Mtume (s.a.w.), hali Kurani inateremka, wala hawakukatazwa. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameieleza azl katika Ihya na akazipima nia za mwenye kuifanya. Basi anayejizuia kwa siku chache amefanya jambo jepesi kuliko azl. Sharti ni kuwa iwe kwa ridhaa ya wote wawili, na isiwe kwa kumdhania Mola kuwa hataweza kuwaruzuku waja wake. Katika Suratul-Baqara, aya ya 233, hata kumwachisha mtoto ziwa kabla ya miaka miwili kumewekewa kuridhiana na kushauriana kwa baba na mama. Ikiwa ziwa linataka mashauri, tumbo la uzazi je?

Pili, tujue jambo lenyewe lilivyo. Yai la mwanamke huishi saa 12 mpaka 24 tu baada ya kutoka, lakini mbegu ya mwanamume yaweza kuishi tumboni hadi siku tano. Kwa hiyo siku za hatari hutangulia yai, na asiyejua hivi huanza kujihadhari wakati umekwisha kupita. Alama zinazotazamwa ni tatu: hesabu ya siku, ute, na joto la mwili. Yai likaribiapo, ute huwa mwepesi, wa kuteleza na kuvutika, mfano wa ute wa yai la kuku. Yai likisha toka, joto la mwili hupanda kidogo, baina ya sehemu mbili na sehemu tano za kumi za digrii moja, na likakaa juu mpaka hedhi ijayo.

Tatu, tuje kwenye yanayotatiza, kwani humo ndimo watu wanamotumbukia.

La kwanza ni kuchanganya twahara na usalama. Mafakihi wa madhhebu yetu ya Imamu Shafi wameweka uchache wa hedhi kuwa siku moja na usiku wake, na wingi wake siku 15, na twahara baina ya hedhi mbili isipungue siku 15. Hiyo ni mizani ya sala, saumu na kukaribiana. Haikuwekwa kujulisha ni lini mimba itashika. Weupe ambao Bibi Aisha aliwaambia wanawake waungojee wasifanye haraka ni alama ya kukatika damu. Haukusemwa kuwa ni alama ya kuwa mimba haishiki. Mwanamke ambaye mzunguko wake ni siku 21 huenda yai lake likatoka siku ya saba. Akioga josho la hedhi siku ya sita, amekwisha twaharika, na papo hapo yumo katika siku za kushika mimba.

La pili ni kuhesabu kwa mwandamo wa mwezi. Mwezi wa mbinguni ni siku 29 au 30, na mwezi wa mwanamke una mwendo wake. Wa siku 27 humtangulia mwenziwe kila mara, na safari, ugonjwa au huzuni huweza kulichelewesha yai. Mwenye kuhesabu na aandike siku ya kwanza ya damu kwa muda wa miezi sita isiyopungua. Atoe 18 katika mzunguko mfupi kuliko yote, apate siku ya kwanza ya hatari, na atoe 11 katika mrefu kuliko yote, apate ya mwisho. Aliyepata 26 na 31, siku zake ni tangu ya 8 mpaka ya 20. Hata hivyo, hesabu peke yake ni fimbo nyembamba. Haifai kuegemewa bila ya alama nyingine.

La tatu ni joto. Joto hupimwa alfajiri kabla ya kuinuka kitandani, baada ya usingizi wa saa tatu au zaidi. Homa ya malaria hulipandisha, na usiku wa kukesha na mtoto huliharibu. Katika Ramadhani, mwenye kuamka kula daku saa yake ya kupima imekwisha geuka. Siku kama hizo na atie alama katika daftari, wala asizijengee hukumu.

La nne ni ute na matone. Maji ya mwanamume yakibaki huweza kudhaniwa kuwa ni ute wa uzazi. Uchafu wenye harufu mbaya au mwasho si alama ya uzazi, ni maradhi ya kutibiwa. Tena yai litokapo huenda yakaonekana matone machache ya damu. Mke asiyaite hedhi mpya akaanza kuhesabu upya, na hukumu ya sala yake siku hiyo amwulize mwanachuoni. Fatima binti Abi Hubaysh (r.a.) alipotokwa na damu isiyokoma alimwendea Mtume (s.a.w.), akajulishwa kuwa ile ni damu ya mshipa, si hedhi. Basi si kila damu ni hedhi. Na damu nyingi mno, au ya baada ya kukutana na mume, au ya baada ya hedhi kukoma uzeeni, isifichwe. Aende kwa daktari.

La tano ndilo la bibi wetu, nalo ni kunyonyesha. Kunyonyesha huzuia mimba zuio la nguvu kwa masharti matatu yakikutana: hedhi haijarudi, mtoto hanyonyi ila ziwa la mamake, usiku na mchana, bila ya uji wala maziwa mengine, na hajatimia miezi sita. Likianguka sharti moja, tegemeo limeanguka. Nalo yai huweza kutoka kabla ya hedhi ya kwanza. Ndiyo maana mwanamke huweza kushika mimba hali hakuona hata tone. Mtoto wa bibi huyu amepita miezi sita, naye amekwisha kuanza kula uji. Hakudanganya katika hesabu, kwani hapakuwa na hesabu ya kudanganywa.

Nne, dalili zikigongana mtu afanyeje? Mafakihi wametufunza kuwa yakini haiondolewi kwa shaka. Ukiingia katika siku za hatari kwa yakini, yaani ute umeonekana, usitoke humo kwa kudhania. Siku ya mwisho ya ute wa kuteleza haijulikani ila ikisha pita. Ihesabie siku tatu baada yake. Joto nalo lingojee mpaka likae juu siku tatu mfululizo kuliko siku sita zilizotangulia. Ute ukisema tayari na joto likasema bado, mfuate anayechelewa. Na wote wawili wakinyamaza, subiri. Pamoja na hayo, tusimghuri mtu: njia hii hukosea, hata kwa mwenye kujitahidi. Ambaye mimba nyingine inamhatarisha roho yake asiitegemee peke yake, bali amwone daktari.

Mwisho, tunamgeukia mume. Mwenyezi Mungu, katika aya ya 228 ya sura ile ile, amewakataza wanawake kuficha yaliyomo matumboni mwao. Wanavyuoni wamefahamu hapo kuwa neno la mwanamke katika hedhi na mimba yake ni lenye kukubaliwa, kwani hakuombwa ukweli ila aliyepewa amana. Wewe uliyeacha kazi yote ya kuhesabu juu yake, hukuuliza, hukuandika, hukujua hata siku ya kwanza ya hedhi yake, leo unamwita mwongo kwa jambo ambalo hata mwenye elimu hutatizwa nalo? Mlipatana wawili, basi na kosa, likiwapo, ni la wawili. Mtoto anayekuja hakuja kwa hila. Amekuja kwa kadari, na riziki yake iko kwa aliyemwumba.

Mwombe radhi mkeo kabla ya jua kuchwa. Kisha, Mungu akimjaalia kujifungua salama, kaeni pamoja na daftari moja na kalamu moja, mwandike nyote.

Ewe Mola, zihifadhi nyumba zetu na dhana mbaya, utupe elimu yenye kunufaisha na ndimi zenye kusitiri. Wallahu aalam.