Homa Yangu, Mapafu Yake

Shangazi alipandikizwa mapafu kule India. Tangu arudi anameza dawa za kupunguza kinga ya mwili, maana kinga ikiwa na nguvu itayashambulia mapafu hayo ikidhani ni adui. Yaani, ili apumue, lazima aache mlango wazi. Na mapafu si kama figo iliyofichika ndani. Kila pumzi huyaletea hewa ya nje, na vumbi, ukungu na virusi vyetu.

Krismasi iliyopita nilienda kwake na homa. Si ni homa tu? Nikameza dawa, nikanyamaza, nikamkumbatia. Ningebaki nyumbani, watu wangesema tangu niache chuo nawaonea aibu. Siku nne baadaye akalazwa. Nimonia.

Labda si mimi. Siku hizo pia alikuwa ameenda kliniki, na virusi havibebi kitambulisho. Lakini hiyo "labda" ndiyo ninayojifichia. Kosa langu halingoji majibu ya maabara: nilijua, nikamnyima nafasi ya kuamua.

Alipotoka nilimwambia ukweli. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Siku nyingine piga simu kwanza. Nitakuwekea chapati."